Kuwafundisha Watoto Kusoma na Kuandika Habari za Kweli

Somo kwa wainjilisti, walimu wa Shule ya Jumapili na wazazi



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni kazi ya walimu wa shule peke yao. Walakini jambo lenyewe limeingia katika nyumba zetu, nasi tumeliona kwa macho yetu.

Tulikwenda kumzuru bibi mmoja mgonjwa, mshirika wetu katika upande wa Kyerwa. Alikuwa amepewa vidonge katika bahasha ndogo, na juu ya bahasha imeandikwa: 2 x 3. Bibi hajui kusoma, wala hakusikia vema maneno aliyoambiwa alipopokea dawa. Alipofika nyumbani akampa mjukuu wake bahasha amsomee. Mtoto huyo yuko darasa la nne, naye husoma Neno mbele ya ushirika siku ya Jumapili pasipo kujikwaa. Akaitazama bahasha, akasema, “Mbili mara tatu ni sita.” Bibi akameza vidonge sita kwa mara moja.

Tulimkuta amelala, kichwa chamzunguka na jasho lamtoka. Akarudishwa kwa waganga, na kwa rehema za Mungu akapona. Lakini mtoto alikuwa amesimama nje karibu na migomba, analia. Tulipomwita alisema, “Baba Mchungaji, mimi nilisoma sawasawa.” Nasi hatukuwa na jibu. Kweli alisoma sawasawa. Alama ile aliijua, na hesabu yake haikuwa na kosa. Jambo moja tu hakufundishwa: kuuliza maandiko haya yasema nini, yamsemea nani, na yamtaka afanye nini.

1. Kusoma ni nini?

Sote twajua habari za Filipo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa nane. Yule mtu mkubwa wa Kushi alikuwa akisoma garini mwake kwa sauti, wala Filipo hakumwuliza kama azijua herufi. Alimwuliza kama ayafahamu ayasomayo. Yule mtu hakuona haya kukiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza. Basi hapo twaona kwamba kuna kusoma kwa kinywa, na kuna kusoma kwa kufahamu. Na mtu aweza kuwa na la kwanza bila kuwa na la pili.

Tangu mwaka 2015 mafundisho ya darasa la kwanza na la pili katika nchi yetu yamekaza mambo matatu, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni msingi mwema, kwa maana mtoto asiyejua herufi hawezi kuendelea. Lakini msingi si nyumba. Mtoto akiisha kuzijua herufi, yafaa aongozwe kuzitumia, na hapo ndipo wengi wetu twaacha kazi tukidhani imekwisha.

Sisi watu wa kanisa tunalo kosa letu hasa. Tumezoea kuwafundisha watoto kwa kukariri. Katekisimo hukaririwa, na ni vema, kwa maana maneno yale yatamfaa mtu hata siku ya kufa kwake. Lakini hata Martin Luther, alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kila amri aliweka swali la maana yake. Hakutaka mtoto awe kama kasuku. Basi kama amri za Mungu zaulizwa maana yake, je, karatasi ya dawa isiulizwe?

2. Habari za kweli ni zipi?

Maandiko wayasomayo watoto ni ya namna nyingi, lakini kwa somo hili tuyagawe mafungu mawili. Kuna hadithi, kama zile za sungura na fisi, ambazo bibi zetu walitusimulia jioni motoni. Hadithi hufundisha hekima, wala hatuzidharau. Tena kuna habari za kweli: maandiko yatupashayo mambo yalivyo au yalivyotukia. Katika fungu hili mna kitabu cha maarifa, habari za wanyama na mimea, habari za kale za nchi, kadi ya kliniki, maneno yaliyo juu ya mfuko wa mbolea, tangazo la kijiji, na stakabadhi ya kahawa apewayo baba katika chama cha msingi.

Namna ya kuyasoma si moja. Hadithi husomwa toka mwanzo hata mwisho, na msikilizaji hungoja kuona yatakayompata sungura. Habari za kweli husomwa kwa swali. Mtu aisomaye stakabadhi ya kahawa hatafuti utamu wa maneno. Ataka kujua kilo ni ngapi, bei ni gani, kilichokatwa ni nini, na kilichobaki ni kiasi gani. Mtoto aliyezoea hadithi peke yake, akipewa stakabadhi, ataisoma yote kwa sauti nzuri, kisha baba yake hatajua kama amepunjwa au hakupunjwa.

3. Jambo hili si geni kwetu

Wazee watakumbuka ya kwamba nchi yetu ilikwisha kuijaribu njia hii. Kuanzia mwaka 1968 hata mwaka 1972, shirika la UNESCO pamoja na serikali yetu walifanya kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara, na Ziwa Magharibi, ambao leo waitwa Kagera. Vitabu vyao vya kusomea vilisema habari za kazi ya watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Mkulima alijifunza herufi pamoja na habari za shamba lake.

Kisha mwaka 1973 yalikuja mafundisho ya redio yaliyoitwa “Mtu ni Afya”. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchini kote, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Angalieni, ndugu, jinsi kusoma kule kulivyoishia katika jembe. Hiyo ndiyo alama ya habari za kweli zilizosomwa vema: mtu hubadili jambo katika nyumba yake.

4. Njia ya kufundisha

Sasa na tuitazame njia yenyewe. Mwalimu asiogope kwamba hana vitabu vingi. Achukue habari fupi iliyo karibu na maisha ya watoto, aiandike ubaoni. Twaweka hapa mfano mmoja, juu ya ugonjwa ulioingia katika mkoa wetu karibu na mwaka 2006, ukawahuzunisha wengi wenye vibanja.

“MNYAUKO WA MIGOMBA. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Majani ya mgomba hugeuka manjano na kunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na zikikatwa huonekana rangi ya kahawia ndani. Shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano kama usaha. Wadudu warukao huchukua vijidudu hivyo kutoka ua dume la mgomba mmoja hata la mwingine. Panga lililokata mgomba mgonjwa huvichukua pia. Kwa hiyo mkulima mwenye akili huliondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, wala hatumii kisu. Na panga lake hulisafisha kwa moto kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine.”

Kwanza, kabla ya kusoma, mwalimu awaonyeshe watoto kichwa cha habari peke yake, awaulize: “Twajua nini juu ya jambo hili? Twataka kujua nini?” Mtoto mmoja atasema baba yake aling'oa migomba. Mwingine atauliza kama ndizi za mgomba mgonjwa zaliwa. Maswali yao yaandikwe upande mmoja wa ubao, hata yale ambayo mwalimu hana jibu lake. Mtoto aliyeuliza swali atasoma kwa macho mawili.

Pili, wasome polepole, kwanza kimya, kisha kwa sauti. Wapige mstari chini ya neno wasilolijua. Mwalimu asilieleze upesi. Awaulize kama maneno yaliyo karibu nalo yaweza kuwasaidia. Neno “utomvu” litafahamika kwa sababu limefuatwa na “manjano kama usaha”.

Tatu, aulize maswali ya namna mbili. Namna ya kwanza ni nyepesi: “Majani hugeuka rangi gani?” Jibu lake limo katika sentensi moja, hata mtoto asiyefahamu aweza kulinyofoa. Namna ya pili ni hii: “Kwa nini mkulima hatumii kisu kuliondoa ua?” Jibu halimo katika sentensi moja. Lazima mtoto ayaunganishe maneno juu ya panga na maneno juu ya kijiti, ndipo aone sababu. Swali moja la namna hii lafaa kuliko kumi za namna ya kwanza. Walimu wengi huuliza nyepesi peke yake, kwa kuwa darasa hujibu pamoja kwa kelele na mwalimu hufurahi. Tusidanganywe na kelele.

Nne, ubao ufunikwe, na mtoto aisimulie habari kwa maneno yake mwenyewe. Na hapa twasema jambo ambalo baadhi ya walimu hawalipendi: mwache aisimulie kwanza kwa Kinyambo, au kwa lugha yo yote ya nyumbani kwao, kisha kwa Kiswahili. Mtoto aweza kuyarudia maneno ya Kiswahili bila kuyafahamu, lakini hawezi kuyageuza kwa lugha ya mama yake bila kuyafahamu. Hiyo ni mizani isiyodanganya. Tena bibi aliyeko nyumbani atapata faida, kwa maana jioni mtoto atamsimulia.

5. Kuandika

Mtoto aliyesoma aandike, kwa maana kuandika huonyesha kilichomo kichwani. Lakini kunakili ubao si kuandika. Tumeona madaftari mengi yenye mwandiko mzuri, nayo yote ni sawasawa kama matofali ya tanuru moja. Ukimwuliza mwenye daftari, hajui aliloliandika.

Basi mwalimu awatoe watoto nje wakaone. Waangalie kwanza, wahesabu, wapime, waulize wazee, kisha waandike mistari minne au mitano. Kila mstari useme jambo moja. Wamwandikie mtu fulani ambaye hakuwapo, kama mjomba aliye mbali, ili waone haja ya kusema wapi, lini na kiasi gani.

Mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili aliifuata njia hii, akatuonyesha daftari la msichana wa darasa la tano. Aliandika hivi: “Leo tulitazama migomba ishirini nyuma ya kanisa. Miwili ina majani ya manjano. Hatujui kama ni mnyauko au ni jua. Tutakata ndizi moja tuone ndani.” Mwalimu alitaka kuufuta mstari wa tatu, akidhani si vizuri mtoto kuandika kwamba hajui. Tulimsihi auache. Katika mistari ile minne, huo ndio uliokuwa bora, kwa sababu mtoto aliyatenga aliyoyaona na asiyoyajua. Watu wazima wangapi wanao uwezo huo?

Na habari haikuishia hapo. Mwalimu alipokisoma kile kijistari cha mwisho mbele ya wenzake, mvulana mdogo aliyekaa nyuma akasimama, akauliza, “Na kisu je? Tutakichoma moto?” Mvulana yule husoma kwa shida, naye hujikwaa kila neno. Lakini siku ile yeye alikuwa amesoma kuliko wote.

6. Kuipima habari

Yatubidi kuwafundisha watoto jambo moja zaidi, yaani kwamba si kila kilichoandikwa ni kweli, ijapokuwa kimeandikwa kitabuni. Mfano tunao katika nchi yetu hii. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe pamoja na mwenzake James Grant, wakapokelewa kwa ukarimu na mfalme Rumanyika. Speke aliandika kitabu cha safari yake, kikapigwa chapa mwaka 1863. Ndani yake mna mambo aliyoyaona: jinsi mfalme alivyowapokea, na jinsi wanawake wa jumba la mfalme walivyonenepeshwa kwa maziwa. Tena mna mambo aliyoyakisia tu: aliandika kwamba ukoo wa watawala wa nchi hizi ulitoka Uhabeshi. Hilo hakuliona, alilidhani. Hata hivyo watu wengi waliendelea kulifundisha kama kweli kwa miaka mingi, na dhana za namna hiyo zikazidisha utengano kati ya watu wa nchi hizi za Maziwa Makuu. Leo wanahistoria hawaikubali tena.

Basi mtoto na afundishwe maswali matatu: Nani asema? Alijuaje, kwa kuona, kwa kusikia, au kwa kukisia? Tena yuko mwingine asemaye hivyo hivyo? Mwinjili Luka mwenyewe, mwanzoni mwa kitabu chake, amjulisha Theofilo kwamba alijitahidi kuchunguza mambo yote tangu mwanzo, akiyafuata maneno ya walioyaona. Kama Luka alichunguza, mtoto wa Karagwe asione haya kuchunguza.

Jambo hili si la kitabuni tu. Mwezi Machi mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika mkoa wetu, upande wa Bukoba. Waliougua walikuwa tisa, wakafa sita, mpaka ulipotangazwa kwisha mwezi Juni. Ukatokea tena Biharamulo mwezi Januari mwaka 2025, na wote kumi waliohesabiwa kuugua walikufa. Ugonjwa huu huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au ya maiti. Katika siku kama hizo karatasi za waganga hubandikwa ukutani, na uvumi nao hupita njiani, nao una miguu myepesi kuliko karatasi. Nyumba yenye mtoto awezaye kuisoma karatasi ile, na kuieleza kwa lugha ya bibi yake pasipo kuongeza wala kupunguza, imepata mlinzi mlangoni.

7. Neno la mwisho

Ndugu wainjilisti, hatuwaombi mjenge shule mpya. Twawaomba robo saa tu baada ya Shule ya Jumapili. Chukueni karatasi moja ya kweli: leo kadi ya kliniki, juma lijalo mfuko wa mbolea, kisha habari za hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilizofanywa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, ili watoto wajue kwa nini milima ile na wanyama wake vyatunzwa. Isomeni, iulizeni, isimulieni, kisha waandike. Ninyi wazazi msiojua kusoma, msidhani hamna kazi. Mtoto akiisha kukusomea, mwambie, “Sasa nieleze.” Neno hilo moja lamtosha kuwa mwalimu.

Yule mjukuu wa bibi tulimwona tena baada ya miezi michache. Bibi alikuwa amepewa dawa nyingine, na bahasha ilikuwa na alama nyingine, 1 x 2. Mtoto hakujibu upesi. Alimwuliza bibi yake waganga walimwambia nini, akaligeuza karatasi upande wa pili, akakaa kimya kidogo. Kisha akamwambia kwa Kinyambo: kidonge kimoja asubuhi, na kimoja jioni. Akachukua mkaa, akachora ukutani jua lichomozalo na jua litualo, na chini ya kila jua duara moja dogo. Bibi akaelewa. Nasi tukamshukuru Mungu.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa wainjilisti

1. Katika mtaa wenu, watoto husoma karatasi gani kwa ajili ya wazazi wao? Tajeni tano.

2. Chagueni moja katika hizo. Tungeni swali ambalo jibu lake lahitaji kuunganisha sentensi mbili.

3. Je, mliwahi kumfutia mtoto maneno “sijui”? Kwa sababu gani?

4. Nani katika ushirika wenu atakayetoa robo saa kila juma kwa kazi hii, nayo itaanza Jumapili gani?